Mkono Ulioshika Pazia

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hifadhi ya filamu, papa na maman zetu wa mtaa huu wa Matonge mliofunga saluni mapema ili mfike, ndugu wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu, na wewe Mwalimu Amira Shakir, ambaye Maman Rolande anakutafsiria sikioni: hamjambo.

Naitwa Felisia. Nimeombwa nimsifu mwalimu wetu anayestaafu leo, tena niwe mpole. La kwanza naliweza.

Mwalimu ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kuongoza filamu Baghdad. Wakati ule mikanda ilikuwa adimu kuliko dawa, basi aliwafanyisha waigizaji mazoezi siku kumi mbele ya kamera tupu, kisha akapiga kila tukio mara moja tu. Sisi wanafunzi wake wa hapa Ixelles, wenye simu zisizojaa, alitulazimisha vivyo hivyo. Nilipoomba kurudia, aliniuliza, "Mara ya kwanza ulikuwa wapi?" Swali hilo linanisumbua bado, hata katika mambo yasiyo ya kamera.

Filamu yake ya kwanza, kichekesho cha kinyozi anayechelewa harusi yake mwenyewe, aliamini imeungua pamoja na studio. Kumbe nakala moja imekaa katika hifadhi yenu hapa Brussels miaka thelathini, ndani ya boksi lililoandikwa: "Vita vya Iraki. Mwongozaji hajulikani."

Vita? Mle ndani hailii hata risasi moja! Nani aliitazama? Na huyo asiyejulikana alikuwa akipanda metro kutoka mtaa wa Anderlecht kila Jumamosi, kuja kuwafundisha watoto wenu.

Aliyemtambua si mtaalamu. Ni Papa Désiré, anayebeba maboksi hifadhini na kutupikia chai hapa darasani kila Jumamosi. Siku hifadhi ilipofungulia watu milango na kuonyesha filamu za zamani, alituita pamoja na Mwalimu. Kwenye skrini mkono ukajitokeza pembeni, ukashika pazia lililotaka kuanguka, ukatoweka. Papa Désiré akaruka: "Alors, Mwalimu! Hii mukono si iko ya wewe? Kidole ya mwisho imepinda! Kila samedi naipatia chai, nitakosa kuijua?"

Alipotafsiriwa, Mwalimu alicheka hadi machozi. "Ni kosa langu," alisema. "Mkanda ulikuwa umekwisha, sikuweza kurudia."

Tuliandika barua kuomba jina lake liwekwe kwenye filamu. Mheshimiwa, ofisi yako ikajibu kwamba alete mkataba wa studio kama ushahidi. Studio iliyoungua! Tukaandika tena. Kimya. Leo umemletea ngao yenye neno "ujasiri". Mnampaje ngao mtu msiyemjua? Ana miaka themanini na moja. Hahitaji kusifiwa kwa kuponea chupuchupu vitani. Anahitaji jina lake kwenye boksi lake.

Nakala mliyotuazima kwa sherehe hii iko tayari. Ilyas, zima taa. Mheshimiwa, dakika ya saba mkono utaingia. Utazame vizuri, kisha utazame ule ulioshika kikombe, kiti cha pili kulia kwako.

Boksi liko mezani. Kalamu ninayo.

Asanteni kwa masikio yenu. Sasa tunaomba macho.