Odile Peyrical, Mwenye Funguo za Ngome ya Montbrayac

Bi. Odile Peyrical, mwongoza wageni na mlinzi wa ngome yetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Kwa muda wote huo alichelewa kufungua lango mara moja tu, siku aliyojifungua bintiye, na hata hiyo alituma mtu kutuomba radhi.

Alirithi kazi kwa baba yake, marehemu Firmin. Ngome yenyewe ni ndogo: mnara mmoja wa pembe nne, kuta zenye unene wa mita mbili, na ua mwembamba. Chini ni jiwe la kijivu la mabwana wa kwanza. Juu ni jiwe la manjano, lililojengwa upya baada ya vita na Waingereza. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa babu zetu walibomoa ukuta wa kaskazini wakajenga nyumba zao kwa mawe yake. Odile anajua kila jiwe liko jikoni kwa nani, na ukimwalika chakula hukagua ukuta kabla ya kuketi.

Lakini kilichowaleta wageni ni njia ya siri ya mnarani. Sote tulilelewa na hadithi ya binti wa bwana aliyewatoroka Waingereza kwa kupita chini ya ardhi hadi ng'ambo ya mto. Odile aliisimulia zaidi kuliko sisi sote.

Mwaka 2009, mvua za Aprili zilipokataa kukatika, aliona ufa kando ya tundu la kurushia mishale. Aliupaka plasta, akaandika tarehe juu yake ili aone kama utazidi kupanuka. Wiki tatu baadaye plasta ilikuwa imepasuka. Ili kujua maji yanakwenda wapi, alijifunga kamba kiunoni, akatambaa ndani ya njia ya siri. Mimi, karani wa tiketi, nikashika ncha. Alipotoka, niliingia na tochi kuhakikisha. Mita tisa, kisha shimo. Kilikuwa choo cha mabwana, na maji ya paa yalimwagikia humo yakila chokaa ya msingi.

Kwenye kikao cha baraza la kijiji alisema waziwazi: "Hakuna njia ya siri. Ni choo, na tusipoziba, mnara utaziangukia nyumba za chini."

Marcel Bouyssou, mwenye mkahawa, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza hapo chini, alimjibu: "Bibi yangu hakuwa mwongo, Odile. Wewe umekaa gizani mno mle mnarani." Watu wakacheka. Meya akauliza nani mwingine ameona. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Odile akamwandikia msanifu majengo wa mkoa peke yake. Mnara ulifungwa misimu miwili. Kiangazi kizima watu walisimama nyuma yake dukani kwa mwoka mikate bila kumpa bonjour, salamu ya kila siku, na hapa kwetu hilo si jambo dogo. Waashi walipofukua msingi walikuta uwazi wa kutosha mtu mzima kusimama. Bouyssou alikuja, akaingiza mkono hadi begani, akautoa. Kesho yake alimpelekea Odile keki nzima ya kokwa za jozi.

"Mimi nalala hapo chini," alimwambia.

"Najua unakolala, Marcel. Unakoroma mpaka nakusikia mnarani."

Siku hizi watoto wa shule hukimbilia choo kabla ya kitu kingine chochote, na hakuna anayeuliza habari za njia ya siri.

Wiki iliyopita binti wa Odile alinieleza nisichokijua. Baada ya kikao kile Odile alilia usiku kucha. Hadithi ile alisimuliwa na Firmin tangu utotoni, na alihisi amemkana baba yake hadharani, tena bila shahidi hata mmoja.

Odile, shahidi alikuwepo, safu ya pili. Niliona ulichokiona, nikanyamaza kwa kuogopa kuchekwa pamoja nawe. Naandika haya mahali ambapo kijiji kizima kitasoma. Nisamehe. Asante kwa mnara uliosimama na kwa watu wanaolala chini yake. Tunakutakia mapumziko mema na afya njema, nami kuanzia sasa, popote utakaposema kweli, nitasimama.