Jino la Mzee Pamba Linarudi Kwao

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Mzee Pamba atavua koti jeupe alilolivaa miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya mifupa. Si koti lile lile. Makoti yote aliyoyamaliza nilimpa mimi, mtunza stoo, kwa hiyo ninapomweleza naomba niaminiwe.

Alikuja akiwa kijana mwembamba, begi moja mkononi, kutoka kando ya ziwa lililo mbali sana na hapa. Dada yake mkubwa, aliyemlea, aliahidiwa naye kwamba anakwenda mwaka mmoja tu. Mwaka ule ulikuwa na miguu mirefu.

Kazi yenyewe ni kujua watu waliokufa karne nyingi zilizopita walikula nini. Wataalamu wana majina yao marefu, isotopu na kadhalika. Mimi wageni nawaeleza hivi: chakula huacha alama mwilini. Mla samaki nitrojeni yake ni nzito, na mla nyama humfuata kwa karibu. Mla mtama kaboni yake haifanani na ya mla mchele. Mzee Pamba huchukua kipande cha ubavu, hukisugua, hukiloweka kwenye asidi hafifu mpaka kilegee kama mpira, kisha hukikausha kikabaki kitu cheupe, chepesi kama pamba. Ndiko lilikotoka jina lake. Pamba hiyo huingia kwenye mashine ikapimwa. Mashine hiyo niliipandisha ghorofani mgongoni, peke yangu. Wengine walishika mlango.

Hapa kwetu kila anayeajiriwa hutoa ukucha wa kujaribia mashine, na ikifanyiwa matengenezo tunatoa tena. Zamu ya Mzee Pamba iliangukia mwaka ule daktari alipompigia marufuku nyama, naye nyumbani ameapa anakula mboga tupu. Mstari wa nitrojeni kwenye skrini ya mashine ulipanda kama mwizi anayeruka ukuta. Nilikuwepo, nusura utoboe dari. Kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka mkurugenzi wetu, mama asiyejua kuficha neno, akampongeza mke wa Mzee Pamba kwa kumlisha mumewe nyama za kutosha. Shemeji alimtazama mumewe toka utosini hadi vidoleni, akasema kucha zake zina ukweli kuliko mdomo wake. Tangu siku hiyo tulimwona akila kunde mbele yetu, kwa huzuni kubwa.

Lakini mifupa haikumchekesha siku zote. Tuliletewa mwanamke kutoka makaburi ya kale. Sasa, jino huundwa utotoni na hubaki na chakula cha utotoni; ubavu hujengwa upya mtu anavyozidi kuishi. Jino la mwanamke yule lilisema samaki, ubavu ukasema mtama. Alikulia kando ya maji, akazeekea mbali nayo, asirudi. Mzee Pamba alihamisha boksi lake kwenye rafu ya dirishani, na kila asubuhi humpa salamu: shikamoo bibi, bado tupo. Wanafunzi walicheka. Mimi, ninayecheka hata msibani, sikucheka.

Mwaka juzi aling'olewa gego la mwisho. Akalileta kwenye leso, akaomba lipimwe pamoja na ukucha wake. Jino: samaki. Ukucha: mtama, na zile nyama za kula kwa kujificha. Akaja kukaa kwenye kiti changu cha stoo, ambacho simkalishi mtu, akasema dada yake sasa macho yamefifia, na kila akipiga simu humuuliza kama bado anajua kutoa miiba ya samaki. Humjibu anajua. Kwangu alisema hana hakika.

Mwezi uliopita mkurugenzi alimwomba aongeze mkataba. Sote tulitamani akubali, na mimi nilitumia hila zangu zote, ambazo si haba. Akakataa kwa upole. Alisema bibi wa dirishani hakuipata nafasi hii ya kurudi kwao, na macho ya dada yake hayangoji mkataba.

Ahsante, Mzee Pamba, kwa mikono yako na kwa vicheko. Bibi tutamsalimu, zamu nimepewa mimi. Nenda ukaishi vyema, ukale samaki wa dada yako pole pole, usikwamwe na mwiba ukatuaibisha. Ukucha huchukua kama nusu mwaka kukua. Ukishakua, ukate, utie kwenye bahasha, ututumie. Tutauweka kwenye mashine, na mstari ukipanda tutajua umefika.