Mama Justa na Neno Lisilokuwa Kitabuni
Na Yeremia Orwa, Bohari

Tarehe 30 Juni 1998 Bibi Justa Shigela, Mama Justa kama tunavyomwita, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha barafu kwa miaka ishirini na tisa. Mzaliwa huyu wa Misungwi aliajiriwa kama mpiga chapa. Kitaliano alikuwa amekwisha kufundishwa na sista mmoja kule Sengerema, kwa kitabu cha sarufi kilichong'oka jalada.

Kwa miaka mingi lugha hiyo haikumfaa kitu. Kisha kiwanda kikabinafsishwa, wenzetu wengi wakapunguzwa, nasi tuliobaki tukawa tunaogopa hata kukohoa. Mwaka 1994 mitambo ikaletwa kutoka Italia pamoja na fundi wake, Antoni, na Mama Justa akafanywa mkalimani. Wiki ya kwanza alirudi ofisini amekunja uso: nusu ya maneno ya Antoni hayakuwamo kitabuni. Alitueleza kwamba Kitaliano cha vitabu kilijengwa juu ya usemi wa Florensi, kama Kiswahili sanifu kilivyojengwa juu ya Kiunguja. Lakini watu wa Veneto, kwao Antoni, nyumbani wana usemi wao.

Asubuhi moja bomba la amonia likaanza kuvuja. Shimba, mwendesha mtambo, alishika koki akingoja amri. Chumba cha pili walikuwamo wenzetu kumi na wanne. Antoni akapaza sauti: "Sera!"

Kitabuni neno hilo ni jioni. Nilikuwa mlangoni, macho yakiniwasha, nikamwona Mama Justa akimgeukia Antoni. Alijua koki ikizungushwa vibaya hatutapona. Hakubahatisha. Alimshika Antoni bega, akamwomba neno la kitabuni. Fundi alihangaika nalo, kwa hofu lilikuwa limempotea, hatimaye akalipata.

"Funga, Shimba," Mama Justa akasema. "Funga kabisa."

Hakuna aliyeumia. Ila mchana huohuo yeye alimwomba meneja amrudishe kwenye taipureta. Meneja alikataa. Basi akakaa na Antoni mwezi mzima, wakaandika orodha: neno la Veneto, la kitabuni, la Kiswahili. Ipo ukutani hadi leo.

Nasi pia alitunyoosha. Mlinzi wetu Ngosha alipobandika tangazo kwamba kesho ni siku ya "kula" kuchagua viongozi wa tawi, watu watatu walikuja na sahani. Mama Justa alibadilisha herufi moja, akatukataza kumcheka: Ngosha aliandika anavyotamka, na kila mmoja wetu ana kwao.

Mwezi ujao anakuja fundi mwingine, huyu ni wa kusini mwa Italia, na mkalimani wetu mpya, Rose, amesoma miezi mitano tu. Hatufichi wasiwasi wetu. Rose alipomwendea akilia, Mama Justa alimwambia, "Usipoelewa, uliza tena. Aibu haiui mtu."

Ahsante, Mama. Mashamba yakuzalie, wajukuu wakuzunguke, na siku zako ziwe tulivu kuliko zetu.