Bi. Marlys Kangas na Swali la “Niko Salama?”

Tarehe 30 Juni 2023, saa kumi na nusu jioni, Bi. Marlys Kangas atazima taa ya dawati lake na kuondoka Idara ya Afya ya kaunti yetu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Mimi, Wendell Aho, nimekaa naye uso kwa uso kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo, ndiyo maana kazi ya kuandika ukurasa huu imeniangukia. Wahariri wa jarida letu la idara wamenisihi niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Alianza mwaka 1989 akiwa muuguzi wa chanjo za watoto, na hakuna shule katika kaunti hii ambayo watoto wake hawakulia walipoona gari lake likiingia. Mwaka 2003, homa ya ini ilipozuka baada ya karamu ya samaki ya wazima moto, aliwapigia simu watu mia mbili na arobaini kwa siku mbili, mmoja mmoja, akiwauliza walikula nini. Kisha akalifunga jiko la wazima moto. Mkuu wao wa wakati ule amestaafu, ana wajukuu, na mpaka leo akimwona Marlys dukani hubadilisha njia.

Lakini kilichotuzeesha sote ni Covid, na hasa kipindi kile watu walipokwisha kuchanjwa. Tulidhani simu zitapungua. Ziliongezeka mara tatu, na zote ziliuliza kitu kimoja: nimechanjwa, navaa barakoa, je, niko salama? Mpigaji alitaka ndiyo au hapana, tena haraka, kwa sababu gari lilikuwa linanguruma nje.

Marlys hakuwahi kumpa mtu ndiyo wala hapana. Aliuliza: mtakuwa wangapi? Chumba kina ukubwa gani? Madirisha yanafunguka? Mtakaa muda gani? Mtakula? Barakoa ni ya aina gani, na imebana mashavuni? Sindano ya mwisho ulipata lini? Nyumbani unaishi na nani? Bwana mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye mashindano ya mpira wa magongo wa barafuni alipandwa na hasira mpaka nikamsikia kutoka dawati langu.

“Mama, nimekuuliza swali moja, wewe umeniuliza manane!”

“Na la tisa linakuja,” Marlys akamwambia. “Unaihitaji kweli hiyo safari, au unaitaka tu?”

Bwana yule akakata simu. Wengi walikata simu. Wengine walipiga tena kesho yake wakitumaini kunipata mimi, na nakiri kwamba mara mbili tatu, kwa kuchoka, niliwaambia waende tu. Marlys alinitazama juu ya miwani yake kwa namna iliyonifanya nitamani afadhali anitukane.

Januari 2022 zamu ya kuulizwa ikamfikia mwenyewe. Marlys ameimba sauti ya pili, alto, katika kwaya ya kanisa kwa miaka arobaini. Mwalimu wa kwaya, Vernon Lahti, alipiga simu hapa hapa ofisini, kwa laini ya umma, kumwambia mazoezi yanaanza tena: watu ishirini na wawili, wote wamechanjwa, wote na barakoa. Marlys alikijua chumba. Kiko chini ya kanisa, dari fupi, dirisha moja lililogandishwa na rangi tangu zamani. Saa mbili za kuimba, na aina mpya ya kirusi imetapakaa mji mzima. Na nyumbani alikuwapo mumewe, Orrin, aliyepandikizwa figo. Dawa anazokunywa ili mwili usiikatae figo hiyo ndizo zinazoifanya chanjo isimkinge vizuri.

“Siji, Vernon.”

“Marlys, acha mchezo! Sindano zenyewe ulitupiga wewe!”

“Nilikupiga ili usife. Sikukuahidi kwamba hutaambukizwa, na sikumpiga Orrin figo mpya.”

Vernon aliwaambia watu kanisani kwamba muuguzi wa kaunti haziamini chanjo zake mwenyewe. Kwa wiki mbili nilipokea simu za kuuliza kama ni kweli. Wiki mbili, ndugu zangu.

Halafu, kabla hata hasira yangu haijapoa, Marlys akaomba ruhusa ya siku nne. Dada yake mkubwa, Ardis, alikuwa amelazwa katika kituo cha wagonjwa waliofikia mwisho, mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Chumba kidogo, madirisha hayafunguki kabisa, wauguzi wenyewe wakiugua kila siku. Nilimwambia kinagaubaga kwamba sielewi. Umekataa kwaya, unakwenda huko?

“Kwaya itaimba Mei,” alisema akifunga mkoba. “Ardis hafiki Mei.”

Alivaa barakoa ile ngumu ya hospitali. Alipanga kwamba akirudi hataingia nyumbani; angekaa siku kumi katika kibanda cha sauna, cha kuogea mvuke, nyuma ya nyumba, chenye kitanda na jiko la kuni. Kila alilowauliza watu kwenye simu, alilijibu mwenyewe kwa kalamu, kwenye karatasi, akaniachia nakala nimkosoe. Sikupata pa kukosoa.

Alikaa na dada yake alasiri nne. Ardis alifariki siku moja baada ya Marlys kuondoka. Siku ya tatu kibandani, kipimo kikaonyesha mistari miwili: ameambukizwa.

Alikohoa wiki nzima, nje baridi ya kupasua mabomba. Orrin alimletea pasti, vimkate vilivyojazwa nyama na viazi, akaziweka kwenye ngazi, akagonga mlango kwa koleo la theluji na kurudi nyuma hatua kumi ili wapigiane kelele kama majirani wanaogombania mpaka. Orrin hakuambukizwa. Mazishi ya Ardis yalifanyika Marlys akiwa kibandani.

Na kwaya? Hakuugua hata mmoja! Ishirini na wawili, saa mbili kila wiki, wazima kama chuma. Vernon alipiga simu.

“Mwambie Marlys alto zake zinamngoja,” akaniambia. “Na mwulize hiyo barakoa yake ya hospitali ilikuwa na tundu?”

Nilimjibu kwamba mtu anaweza kuvuka barabara bila kutazama na akafika, na kwamba bahati si hesabu. Kwa mwaka na nusu nimebishana na Vernon Lahti: kanisani, kwa daktari wa meno, mbele ya friji ya maziwa. Nilimweleza kwamba barakoa hupunguza hatari, haiifuti, na kwamba Marlys alifanya kila kitu sawa akapatwa na bahati mbaya tu. Nilichora hata mchoro.

Wiki iliyopita nilimpa Marlys rasimu ya ukurasa huu. Akafuta maneno “bahati mbaya”.

Akanieleza kwamba alasiri ya mwisho Ardis, ambaye masikio yake yalikuwa yamekufa na macho yakielekea huko huko, alimkazia macho akauliza, “Wewe ni nani?” Marlys alijitaja. Ardis hakusikia. Akauliza tena, sasa kwa woga: huyu mtu aliyejifunika ni nani, na anataka nini? Basi Marlys akatazama saa ya ukutani, akavua barakoa, akamsogelea karibu mpaka Ardis akamtambua na kucheka.

“Mwaka na nusu!” nikamwambia. “Nimechora mchoro, Marlys!”

“Hukuniuliza, Wendell.”

Nilimwuliza kama niliache jambo hilo lisichapwe. Akasema nilichape, na nisiandike “muda mfupi”. Zilikuwa dakika nne bila barakoa.

Bi. Marlys, kwa niaba ya idara nzima, asante kwa miaka thelathini na minne, na kwa kutokutudanganya hata siku tulipokuomba utudanganye. Tunakuombea wewe na Orrin afya, majira marefu ya joto, na simu isiyolia.