Wachuka Mathenge, Mwandishi wa Kijitabu "Jiko la Mke Mpya"

Marehemu Mama Keziah Wachuka Mathenge alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 karibu na soko la Mukurweini, binti wa hayati Mzee Gathogo na hayati Kabura. Utoto wake uliangukia miaka ya hali ya hatari ya wakati wa mkoloni, na alizoea kusema kwamba njaa ya siku hizo ndiyo iliyomfundisha kuheshimu sufuria. Mtu aliyelisha nyumba nyingi namna hii hakustahili kufa bila kula. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na familia haitaificha.

Alisoma shule ya misheni huko huko kwao, kisha akaenda kozi ya sayansi kimu. Kuanzia mwaka wa 1967 alifundisha vikundi vya akina mama, hasa wake wachanga. Mwaka wa 1974 aliyakusanya mafunzo yake katika kijitabu alichokiita *Jiko la Mke Mpya*. Humo mlikuwa na namna ya kukinga maziwa yasiharibike, njahi, yale maharagwe meusi, za kumpikia mama aliyejifungua, na sababu za kuku kutolala jikoni. Katika sura ya chakula cha mgonjwa aliandika: "Mgonjwa asilazimishwe kula. Mwambie aonje."

Mpanga chapa wa Nyeri mjini alipanga: "Mgonjwa asilazimishwe kura." Na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Naibu wa chifu alimwita.

"Mwalimu, ni nani alikuambia serikali inalazimisha wagonjwa kura?"

"Si kura ya sanduku, Chifu. Ni kura ya mdomo."

"Sasa si hiyo ndiyo umeandika?"

Kwa kuwa wote wawili, kama wengi wa kwetu, walitamka "kula" na "kura" vilevile, kesi ilichukua asubuhi nzima, na iliisha tu Mama alipochukua ndizi mezani kwa mkubwa huyo akaimenya, akaila mbele yake.

Alitoka huko moja kwa moja hadi Nyeri kumkaripia mpanga chapa, kijana aliyeitwa Mathenge. Mathenge alijitetea, "Mimi nilipanga vile watu huongea." Walifunga ndoa tarehe 13 Desemba 1975, wakahamia Skuta, na Mungu akawajalia Watiri, Mwai na Munene. Mzee Mathenge alitutangulia mwaka wa 2009. Kijitabu hakikuchapwa tena. Wasichana waliokitumia wamezeeka, wengi wamezikwa, na wajukuu wao huuliza simu.

Agosti 2024 Mama alianza kukwamwa na ugali. Baadaye mukimo, viazi laini vya kupondwa, ukakataa kushuka, kisha hata chai. Hospitalini waliona kansa ya koo, na ilikuwa imeshaenea. Walimrudisha nyumbani. Bintiye Watiri, anayewasomea maneno haya, alikifungua kijitabu kwenye ile sura ya mgonjwa na kuanza kupika kila kilichoandikwa: uji wa wimbi, supu ya mifupa, ndizi zilizopondwa kwa maziwa, viazi vilivyochujwa kwa kitambaa. Hakuomba Mama apone. Aliomba kijiko kimoja kishuke.

Hakikushuka hata kimoja. Kila kilichoingia kilirudi, na Mama alijifuta mwenyewe kwa sababu hakutaka kufutwa.

"Mama, onja tu kidogo," Watiri alimwambia siku moja.

"Ati nionje? Hiyo maneno ni yangu. Niliandika nikiwa na miaka ishirini na nane na koo mzima."

"Sasa nikuambie nini?"

Mama alifikiri. Alikuwa mwalimu mwenye jibu la kila kitu, na sote tulingoja.

"Sijui, mami," akasema. "Hiyo sikuandika."

Watiri aliendelea kupika. Jirani mmoja alimwuliza kwa nini anapoteza unga, naye akazidi kukoroga. Alipika hata Jumapili tarehe 2 Februari 2025, Mama alipoaga dunia asubuhi, uji ukiwa bado mekoni. Tulisimama pale chumbani tukiusikia ukichemka, na hakuna aliyekwenda kuuepua.

Mhubiri amesema Mama ameondoka akiwa ameshiba siku, kama Ibrahimu. Ni kweli. Siku alishiba. Chakula hakushiba, na sisi watoto wake hatujaona faraja popote katika jambo hilo. Tumeitafuta, hatujaipata, na hatutajifanya tumeipata kwa kuwa leo ni mazishi.

Ameacha watoto watatu, Watiri, Mwai na Munene, wajukuu wakiwemo Shiro na Sophie, na mdogo wake Moffat wa Chaka. Apumzike, Mama yetu, na mtu yeyote asimwulize tena kama amekula.