Bi Mwanakombo Hakuwa na Korona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mdomo kama huu wangu, ambao ulipotakiwa kusema ulinyamaza, na ulipotakiwa kunyamaza ulisema mengi. Mchungaji, asante kwa nafasi hii. Wazee wa kanisa, akina mama, vijana wa kwaya, nawasalimu nyote.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mutua, bwana afya. Ile Jumapili ya shukrani, baada ya kafyu kuondolewa, nilisimama hapa hapa nikashuhudia jinsi Mungu alivyonitumia kuizuia korona isienee kijijini Chundwa. Mlinipigia makofi. Mama mmoja alipiga vigelegele mpaka mtoto wake mgongoni akaamka. Ndugu zangu, ushuhuda ule ulikuwa wa uongo, na leo nimekuja kuufuta mbele yenu nyinyi mlioupokea.

Nianze na mtu niliyekuwa. Nilifika Lamu kutoka Kitui nikiwa kijana, na kazi yangu ni kuzunguka visiwani kukagua visima, vyoo, mikahawa, na kuwapa vyeti watu wanaouza chakula. Kazi nzuri. Lakini mimi kalamu ilinipanda kichwani mapema! Mtu akiniita "Bwana Afya" nilisikia utamu masikioni. Korona ilipokuja, utamu ukazidi. Misikiti ilifungwa, makanisa yalifungwa, harusi zilikatazwa, na mimi ndiye niliyesimama gatini kusema nani ashuke na nani arudi alikotoka. Kila baraza nililokwenda niliwaambia watu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nililisema hilo mara nyingi sana, ndugu zangu, bila kujua kwamba mficha huyo nitakuja kuwa mimi.

Basi siku moja asubuhi tulipigiwa simu. Chundwa amefariki mama mmoja, Bi Mwanakombo. Alikuwa amekohoa siku kadhaa, pumzi ikimpaa, na kabla ya njia kufungwa alikuwa Mombasa kwa jamaa zake. Mimi na wenzangu wawili tukapanda boti tukaenda na mavazi meupe, yale ya kukufunika kuanzia utosini, mtu haoni isipokuwa macho yako nyuma ya plastiki. Tulichukua vipimo puani mwa marehemu. Kisha nikatoa amri kwamba maiti haitaguswa na mtu, haitaoshwa, itatiwa kwenye mfuko na kuzikwa saa ile ile.

Ninyi mnaoishi hapa mnajua jambo hili lina uzito gani kwa Waislamu. Mama akifa, binti zake ndio humwosha. Hiyo ndiyo huduma yao ya mwisho kwake. Bi Mwanakombo alikuwa na binti mmoja tu, Khadija. Alikuja mpaka mbele yangu, leso imemwanguka begani, akaniambia, "Bwana Afya, mama alikuwa na maradhi ya moyo, kila mtu ajua. Tuate tumuoshe. Nifunge mikono, nifunge mato, lakini mai yamguse."

Nikasema hapana. Imamu wa pale, mtu mpole, akaniomba kwa sauti ya chini kwamba kama maji hayawezekani, basi angalau mama afanyiwe tayamamu, yaani apakwe mchanga safi usoni na mikononi badala ya kuoshwa. Alisema ni jambo la robo saa tu. Nikasema hapana tena. Tukamzika wenyewe, sisi watatu tusiomjua, na Khadija amesimama mbali kama mwizi aliyefukuzwa kwao. Nilirudi Amu, yaani mjini Lamu, jioni ile nikala, nikalala.

Siku ya nane majibu yakaja. Bi Mwanakombo hakuwa na korona.

Ndugu zangu, niliisoma karatasi ile mara tatu. Nilikuwa peke yangu ofisini. Nikajiambia, nikienda kumwambia Khadija sasa, si nitamchoma kidonda mara ya pili? Atajua mama yake alinyimwa maji bure. Heri asijue. Tazameni shetani alivyo fundi, aliuvalisha uoga wangu kanzu ya huruma! Ukweli ni kwamba wakubwa walikuwa wamenisifu kwa kazi ya Chundwa, nami sikutaka sifa ile initoke. Nikaifungia karatasi ndani ya droo.

Kumbe majibu niliyoyaficha yalikuwa yameshikilia maisha ya mtu. Maana Khadija alikuwa muuza mkate wa mofa. Asubuhi ukipita kwake ulikuta tanuri linawaka, wanawake na watoto wamejipanga na sahani, na mkate wa mtama unatoka moto. Tangu siku ya mavazi meupe, hakuna aliyekwenda. Nyumba ikaitwa nyumba ya korona. Hata wa kumpa pole hawakuja, kila mtu alisema anaogopa Bwana Afya.

Mimi nilidhani marufuku ikiondoka na hofu itaondoka nayo. Ndivyo nilivyofikiri, mtu wa vyeti na mihuri! Kafyu ikaondolewa, na kweli Lamu ikarudi kazini. Boti zikajaa tena watu bega kwa bega. Shule zikafunguliwa, harusi zilizongoja zikafanywa kwa mpigo, watalii wakaanza kushuka kisiwani Manda. Barakoa tulizitupa. Nilirudi Chundwa kwa siku mbili kukagua visima, na kila mtu nilimwona amerudi kwenye kazi yake, mwenye duka dukani, fundi kwenye mashua yake. Tanuri la Khadija lilikuwa linawaka vile vile, mikate imepangwa juu ya kitambaa, na mbele yake hapakuwa na mtu hata mmoja.

Alikuwa amekuja kwangu mapema kuomba cheti kipya cha afya, nikampa, na alikibandika mlangoni watu wakione. Hawakujali. Siku ile alinifuata njiani akaniambia, "Bwana Afya, kesho asubuhi pita kwangu. Keti barazani ule mkate, watu wakuone. Wewe ndiwe ulowatia khofu, wewe ndiwe wa kuwaondolea."

Nikasema, "Nitakuja, Bi Khadija." Nilimwahidi nikimtazama usoni.

Asubuhi nilipita njia ya nyuma ya msikiti. Niliogopa kwamba nikikaa pale na mkate wake mkononi, nitasema. Nilisikia harufu ya mofa mpaka nilipofika mwisho wa kijiji, nikaongeza mwendo. Baadaye niliambiwa alikuwa ametandika mkeka mpya, ameweka na kikombe, na alingoja mpaka adhuhuri.

Ni wiki mbili baada ya hapo niliposimama hapa kanisani nikashuhudia. Mkaniombea, mkanipa mkono. Nyumbani mke wangu hakunipa mkono. Alinitazama tukila akasema, "Baba Mumo, wewe umerudi kazini, lakini hapa nyumbani bado hujarudi." Nikamkasirikia! Nikamwambia nimechoka tu. Ndugu zangu, nilikuwa nimepotea, na mke wangu alijua kabla yangu.

Miezi ikapita. Hoteli za Manda zikawa na wageni tena, nikatumwa kukagua wafanyakazi wa hoteli moja, vyeti na usafi. Nilipofika sehemu ya kufulia nikamkuta mwanamke ameinama juu ya beseni la mashuka, mikono imebabuka kwa dawa ya kung'arishia. Akainuka, akajifuta, akanipa cheti chake. Kina sahihi yangu. Alikuwa Khadija.

Alinisalimu kwa adabu. Nikamwuliza mkate umekuwaje. Akasema tanuri ameliacha, alikuwa anaoka anawapa mbuzi. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Alhamdulillahi, hapa hapana anijuao."

Neno hilo lilinivunja. Mtu amezaliwa Chundwa, mama yake amezikwa Chundwa, anamshukuru Mungu kwa kuwa mahali asipojulikana! Nikapiga tiki kwenye fomu yangu. Ndiyo, hata saa ile nilipiga tiki, nikaondoka! Nilifika gatini, boti inaningoja. Wengine hushuhudia kwamba walisikia sauti ya Mungu ikiwaita kwa jina. Mimi sikusikia sauti. Miguu tu ilikataa kupanda. Nahodha akaniuliza kama ninaumwa. Nikaketi kwenye ngazi za gati, mtu mzima na sare yangu, nikalia, nikasema, "Bwana, nimechoka kuwa huyu mtu. Nitoe." Hayo tu. Nilipoinuka, nilikuwa ninarudi kule nilikotoka, na sikumbuki kuamua.

Nilimwambia Khadija yote. Majibu, droo, ile njia ya nyuma ya msikiti. Alinisikiliza huku akikamua shuka, akalikamua mpaka likawa halina tone. Mwishowe akasema, "Mimi nalikwambia ni moyo. Mimi si wa kuambiwa. Wambie wao."

Ijumaa iliyofuata nikaenda Chundwa. Nilimwomba imamu ruhusa nisimame nje ya msikiti baada ya swala. Mkristo, mtu wa bara, na kofia yangu mkononi! Imamu akawaambia watu wasubiri, akanigeukia akasema, "Bwana Mutua, sema. Twasikia." Nikasema. Nikaisoma karatasi kwa sauti: Bi Mwanakombo hakuwa na korona. Nikasema ni mimi niliyeficha, na aliyelipa ni Khadija.

Nilingoja matusi. Ningeyapokea. Lakini mwanamume mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta na Khadija, alianza kulia mbele ya watu. Akasema yeye alimkataza mke wake kununua mkate pale, na alikuwa akiula tangu utotoni. Wengine waliinamisha vichwa. Nilijua basi kwamba uongo wangu haukuwa umenifunga mimi peke yangu, ulikuwa umefunga kijiji kizima. Kutoka pale nilikwenda kwa wakubwa wangu pia. Nilipewa barua ya onyo, nami nilistahili zaidi ya hiyo.

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba tanuri linawaka tena. Haliwaki. Watu walimtumia Khadija ujumbe arudi, naye alikataa. Alisema mkate wake waliukataa ukiwa wa moto, hataki waununue kwa kuhurumiwa. Lakini kijiji kilifanya khitma ya Bi Mwanakombo, kisomo kile ambacho hakikufanywa alipokufa, na Khadija akaomba ruhusa kazini akaja. Nami nilialikwa. Nyumba ilijaa, ua ukajaa, watu wakakaa mpaka njiani.

Kisomo kilipokwisha, Khadija alikuja mpaka nilipokaa kwenye mkeka. Akaniuliza, "Bwana Afya, ya mai nafahamu, mwalichelea maradhi. Na mtanga wa tayamamu jee? Mtanga ungalikudhuru nini?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia tangu siku ya maziko. Pale msikitini sikuligusa. Hata katika maombi nilikuwa nikilizunguka. Amri ya serikali niliyokuwa nayo mfukoni haikutaja mchanga, ndugu zangu! Tena tulikuwa na glavu, mmoja wetu angeweza kumpaka yule mama huku imamu akimwelekeza kwa mbali.

Nikamwambia kweli. Siku ile maji ya bahari yalikuwa yanakupwa. Nahodha alikuwa ameshaniita mara mbili kutoka pwani. Tungechelewa kidogo, boti ingekaa kwenye matope, na tungengoja pale saa nyingi mpaka bahari irudi. Mimi nilitaka kufika kwangu Amu nikale. Hiyo ndiyo sababu, na hakuna nyingine.

Khadija akainua birika la kahawa. Akasema, "Mai yangalijaa tena, Bwana Afya."

Kisha akaenda kuwagawia watu kahawa, na ilipofika zamu yangu akanipa kikombe kama alivyowapa wengine. Nilipomwomba msamaha alisema amenisamehe kwa ajili ya Mungu, lakini kulia bado hajamaliza, na nisimharakishe.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, aliyenitoa mahali ambapo nisingetoka kwa akili zangu. Nalala usingizi. Mke wangu amesema nimerudi. Siogopi tena mtu akiniita kwa jina njiani. Lakini majuto ninayo, na sikumwomba Bwana aniondolee, kwa sababu nadhani hayo ni haki ya yule mama.

Ndugu zangu, sote tulirudi kazini, tukafungua maduka na madarasa, tukasema yameisha. Kama kuna mtu hapa ambaye wakati ule wa hofu alimfungia mwenzake mlango, au alimzika mtu wake kwa haraka, au alinyamaza akijua, mwamini Yesu leo. Hatakufukuza. Ukienda kwake unatetemeka, atakupokea unatetemeka. Kisha nenda kwa huyo uliyemkosea. Kama huwezi kwenda peke yako, baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni, nitakusindikiza hata kama ni kisiwani Ndau, na tutakaa huko kadiri itakavyotakiwa.

Bwana awarehemu nyote, anirehemu na mimi. Na amfariji Khadija, ambaye mama yake nilimnyima robo saa.