Wendy na Swali la Lugha

Asubuhi ile benchi la stendi ya pikipiki sokoni Kola halikumtosha Mbithi. Anakaa, anainuka, anakwenda kuminya tairi ambalo halina shida yoyote, anarudi. Abiria wawili walimwita akawapungia mkono waende na wengine. Bintiye Wendy, wa kidato cha pili, alikuwa amekataa kwenda shule tangu Jumatatu, na kisa ni Kiingereza. Alipata D tena, akavua sare, akasema hiyo shule imemshinda.

Bartholomew, fundi viatu ambaye kijiwe kilimbandika jina la Profesa kwa kupenda redio, alisema shida ni ulimi. Mtoto akishalelewa kwa Kikamba, ulimi unashika umbo lake. Mire, mchuuzi wa mbuzi, alibisha. Yeye alizaliwa na Kisomali, Kiswahili akakiokota mnadani, Kikamba akafunzwa na wauzaji waliokuwa wakimcheka huku wakipokea pesa zake. Ulimi wake ulikuwa na umbo gani?

Profesa akahamia kwenye maji. Kisima cha huku kina chumvi, na chumvi hukaza ulimi. Linet, mwenye kahawa, akauliza mbona basi wao wanaongea kutwa nzima. Profesa akajibu kwamba Kikamba kinataka ulimi uliokazwa. Wakacheka wote, isipokuwa Mbithi.

— Nyinyi mnacheka, mimi niko na mtoto nyumbani amelala, akasema.

Wendy hakuwa amelala. Alikuwa anavuka barabara na kibuyu cha uji ambacho mamake alimtuma amletee baba. Mbithi akamsogezea nafasi.

— Keti. Waeleze hawa kile kinakushinda. Mimi hujaniambia.

Wendy alikaa pembeni kabisa, akatazama viatu vyake.

— Kusoma naelewa kidogo. Mwalimu akianza kueleza, anaenda mbio. Nikijaribu kuongea, darasa inacheka. Nikiuliza rafiki yangu na Kikamba, navalishwa kibao cha adhabu kwa shingo mpaka jioni. Siku hizi nanyamaza tu.

— Si umwambie mwalimu hujaelewa? akauliza Profesa.

— Nimwambie na lugha gani?

Profesa akaokota kiatu, akaanza kushona. Mire akawageukia mbuzi wake. Mbithi, ambaye juma zima alikuwa akimwita mtoto huyu mvivu, alihisi masikio yanamchoma. Akaupokea uji, akauweka chini bila kuuonja, akaiwasha pikipiki.

— Panda, Wendy. Hiyo swali nitaenda kuuliza mimi.

— Baba, wewe hujui Kiingereza.

— Nitauliza na Kikamba.

— Watakuvalisha kibao.

— Wacha wanivalishe, akasema Mbithi, na Wendy akapanda.